Kadi ya Bima Unayo, Duka la Miwani Halimo: Tuongee Wadau

Najua nilikuwa kimya kiaina. Mpunga ulikuwa unatuita, na masika ikishaingia Chita mambo ya intaneti yanakuwa bahati nasibu. Leo nimeshuka Ifakara, nimekaa kompyuta ya kona, nimelipia saa moja tu na niliandika kwanza kwenye daftari, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye mada.

Mada yenyewe ni miwani na bima. Msikimbie! Najua wengi wenu mko chini ya miaka 25 na macho yenu yanaona hadi nzi aliyeko Mahenge. Lakini hiyo kadi ya bima inawahusu wazazi wenu, walimu wenu, na kesho inawahusu nyie wenyewe. Tena wengine mnakaa kaunta kwenye maduka hayo hayo. Someni.

Mama yangu mdogo ni mwalimu huku bondeni. Jina la shule na jina la bima yake nayaweka kapuni, sitaki kesi. Amevuka miaka 45, na kama mnavyojua mtu akishapita 40 herufi zinaanza kumkimbia. Anasogeza daftari mbali, anasogeza tena, mwisho mkono unaisha urefu. Alikuwa na miwani, ikavunjika. Akanunua ya mnadani, elfu tano, ile ya kuchagua mwenyewe kwenye turubai. Kichwa kikawa kinamuuma kila jioni akimaliza kusahihisha. Ndipo akaniambia, "Mwanangu, kila mwezi wananikata hela ya bima. Twende Ifakara nikapime, nitumie kadi yangu."

Tukaenda. Wanaoijua barabara ya Mlimba hadi Ifakara wakati wa mvua nisiwaeleze. Nauli kwenda na kurudi ilikuwa elfu 24, na hapo ni yeye peke yake, mimi nilikuwa na safari yangu.

Duka ni dogo, la mtu binafsi, chumba kimoja cha kupimia na kabati la vioo limejaa fremu. Fundi akamwamkia vizuri, "Shikamoo mwalimu," akamkalisha, akampima kwa utulivu. Kulia ikatoka +2.00, kushoto +2.75. Nikaelewa kwa nini ile ya mnadani ilikuwa inamtesa: miwani ya turubai inakuwa na namba moja pande zote mbili, na macho yake hayafanani. Kisha mama mdogo akatoa kadi. Fundi akaitazama, akairudisha kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kadi yako ni nzima kabisa. Tatizo ni mimi. Mimi sipo kwao."

Alimaanisha duka lake halina mkataba na bima ile. Duka la karibu lenye mkataba, akasema, liko Morogoro mjini. Nilichoka!

Sasa hapo ndipo watu wengi mtaani wanapokosea. Wanadhani bima ni kama noti, ukiwa nayo kila duka litaipokea. Bima haiko hivyo. Kampuni au mfuko wa bima unachagua vituo, unaingia navyo mkataba, mnakubaliana bei, halafu wewe mwenye kadi unahudumiwa pale bila kutoa hela na kituo kinapeleka madai. Kituo ambacho hakimo kwenye orodha hakina pa kupeleka madai. Kwa hiyo fundi wetu hakuwa mkorofi. Angempa miwani kwa kadi, hela angemdai nani?

Tuanze na mfuko mkubwa ambao wote tunaujua, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Sheria yake ni ya 1999, na kazi ikaanza 2001 kwa watumishi wa serikali. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, nusu anatoa mtumishi na nusu mwajiri. Pigeni hesabu wenyewe: mwenye mshahara wa 700,000 anakatwa 21,000, mwajiri anaweka 21,000 nyingine, jumla 42,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 504,000. Na kwenye mafao ya Mfuko, huduma za macho na miwani zimo. Bima binafsi nazo, zile ambazo kampuni na shule zinawakatia wafanyakazi wao, nyingi zinaweka macho kwenye kifungu chake chenye kikomo cha mwaka. Yaani miwani yako ina bajeti yake tofauti na malaria.

Kwa hiyo haki ipo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia. Mtumishi wa Dar anachagua duka kama anavyochagua kiatu. Mtumishi wa Chita, Mngeta au Mlimba anakatwa asilimia ile ile, lakini mlango uko mbali. Na huku bondeni wenye kadi si wachache: kuna walimu, wauguzi, watu wa JKT Chita, watu wa reli ya TAZARA, watu wa umeme kule Kihansi. Siyo kijiji cha kusahaulika kama wengine wanavyodhani wakiangalia ramani.

Swali ambalo lilinisumbua zaidi ni hili: kwa nini mwenye duka asiombe tu mkataba akapata wateja? Nikarudi kumuuliza siku nyingine. Akacheka, akaniambia kaa chini.

La kwanza ni mtaji. Duka dogo linanunua fremu na lenzi Kariakoo kwa hela taslimu. Hamna mkopo pale. Ukihudumia kwa bima, mzigo umetoka leo na hela inakuja baadaye, baada ya fomu kukaguliwa. Chukulia mfano wa wateja 20 wa bima kwa mwezi, kila mmoja 60,000. Hiyo ni 1,200,000 iko nje. Malipo yakichukua miezi miwili, una 2,400,000 iko nje na kabati limeanza kuwa na mapengo. Duka la Dar lenye matawi sita linavumilia. Chumba kimoja Ifakara kinafunga.

La pili ni bei. Ukiwa ndani ya mkataba unakubali bei ya mwenye bima, na hawezi kuweka bei moja kwa Ifakara na nyingine kwa Masaki. Lakini lenzi ya Ifakara imesafiri. Lenzi za mama mdogo, kwa mfano, zilibidi ziagizwe Dar, na gharama ya kuzisafirisha ikawa juu ya duka.

La tatu ni karatasi. Lazima uwe na mtaalamu wa optometria aliyesajiliwa na baraza lake, chumba kinachokubalika, leseni, namba ya mlipa kodi, mtu wa kukaa kwenye kompyuta kuhakiki kadi na kujaza madai. Kosea herufi moja, dai linarudi. Kusema kweli sharti la mtaalamu mimi naliunga mkono kwa mikono yote, maana kupima macho siyo kusoma herufi ukutani tu. Presha ya macho inaharibu jicho bila kuuma, na mara nyingi inagunduliwa na yule aliyekupima kwa sababu ya miwani. Wataalamu hawa tunao, wanasomea KCMC Moshi na Mvumi Dodoma. Shida ni kuwapata wakakubali kuja kukaa bondeni.

Kwa hiyo ukiangalia kwa upande wake, kukaa nje ya mkataba ni uamuzi wa kibiashara. Simlaumu. Na tusidhani walio ndani wana raha. Mnakumbuka Machi 2024? NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao Machi 1, na hospitali binafsi chini ya chama chao cha APHFTA zikatangaza kusitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko, zikisema bei mpya hazilipi gharama. Wizara, wakati huo chini ya Ummy Mwalimu, ikashikilia kwamba kitita kinaanza. Mtu aliyelala Februari na hospitali yake ameamka Machi imetoka kwenye orodha. Kadi ile ile, makato yale yale! Wakati ule watu wa Dar walilalamika sana mitandaoni na walikuwa na haki. Mimi nilikuwa najisemea kimoyomoyo, karibuni, sisi huku tumeishi hivyo kwa miwani miaka yote.

Haya, turudi dukani. Fundi alimpa mama mdogo njia tatu. Aende Morogoro. Alipe taslimu asahau bima. Au alipe taslimu halafu aidai bima yake imrudishie. Hii ya tatu ndiyo nataka tuikazie macho, maana hapo ndipo tulipojifunza kwa kuumia.

Bei ilikuwa 110,000: kupima 10,000, fremu 45,000, lenzi 55,000. Akalipa sehemu, mwisho wa mwezi akamalizia, akaenda kuichukua. Nauli nyingine 24,000. Akapewa risiti ya mashine, imeandikwa "miwani 110,000", mstari mmoja. Akaambatanisha barua, akatuma. Wiki tatu baadaye jibu: haijaonyeshwa kipimo ni kiasi gani, fremu kiasi gani, lenzi kiasi gani, na hakuna cheti cha vipimo. Rudi kalete.

Nikashuka mimi safari hii, 24,000 nyingine. Fundi akaandika ankara yenye mchanganuo, akagonga muhuri, akaandika namba za kila jicho, tarehe na jina kama lilivyo kwenye kadi. Dakika kumi tu! Zile dakika kumi zingefanyika siku ya kwanza. Mwishowe bima ikarudisha 70,000, ndio kikomo cha miwani kwenye mkataba wa shule yao. Sasa jumlisheni nauli: safari tatu ni 72,000. Bima imemrudishia nauli pungufu ya elfu mbili. Miwani kajinunulia mwenyewe.

Ndiyo maana nawaambia nyie mnaokaa kaunta kwenye maduka ambayo hayamo kwenye bima yoyote: mteja mwenye kadi msimwache aende hivi hivi. Mwambieni mlangoni, kabla hajapimwa, kwamba hapa kadi haifanyi kazi, asije akajua wakati wa kulipa. Mwambieni apige simu kwa bima yake kabla hajatoa hela, aulize mambo mawili tu: je, mnarudisha nikinunua nje ya orodha, na mwisho ni kiasi gani. Bima nyingine zinataka kibali kabla ya kununua, ukinunua kwanza umekwisha. Halafu mpeni risiti ya mashine pamoja na ankara ya mchanganuo pamoja na karatasi ya vipimo, siku hiyo hiyo, hata kama hajaomba. Haiwagharimu kitu. Huyo mteja akirudishiwa hela yake ataleta walimu wengine kumi.

Kuna kitu kimoja msikubali. Wajanja wapo, wanasema "usihofu, tutapitishia kituo cha rafiki yangu kilicho ndani ya mkataba, yeye atadai kama kamhudumia yeye, tutagawana". Mteja anafurahi, miwani kapata. Huo ni udanganyifu, jamani, na jina linaloonekana kwenye dai ni la mwenye kadi. Ukaguzi ukifika wa kwanza kuulizwa ni mwalimu wa watu, kwamba alihudumiwaje mji ambao siku hiyo hakukanyaga.

Na wewe mteja, ile karatasi ya namba za macho ni yako. Umelipia kupimwa, dai karatasi. Kuna maduka yanaificha ili ununue kwao tu. Marekani jambo hili lilikuwa kero mpaka tume yao ya biashara, FTC, ikatoa kanuni 1978: ukishapimwa unapewa karatasi yako, ununue unapotaka.

Nimeitaja Marekani kwa sababu kule bima ya macho ni biashara kubwa inayojitegemea, na suala la "duka halimo" wamelizoea. Ukienda duka la nje ya orodha unalipa, unapeleka risiti yenye mchanganuo, unarudishiwa kiasi kilichopangwa kabla: kiasi fulani kwa kupima, kiasi fulani kwa fremu, kiasi fulani kwa lenzi. Mara nyingi ni kidogo kuliko ungetumia duka la ndani, lakini kinajulikana. Msidhani ni peponi lakini. Bima mojawapo kubwa ya macho kule, EyeMed, inamilikiwa na EssilorLuxottica, kampuni ambayo ni mwenye miwani ya Ray-Ban, mwenye maduka ya LensCrafters na mtengeneza lenzi, vyote ndani ya nyumba moja. Yaani anayekulipia, anayekuuzia na aliyetengeneza ni yule yule. Duka dogo la nje linashindana na mtu huyo. Ukilitazama hilo unaona wenye maduka madogo wa huko na fundi wetu wa Ifakara wangeelewana haraka sana.

Ninachokitaka hapa kwetu ni kile kipande kimoja tu, kiasi kinachojulikana kinachomfuata mwanachama. Tuseme Mfuko au bima inalipa shilingi kadhaa kwa miwani kwenye duka lenye mkataba. Mwanachama anayeishi mahali ambapo hakuna duka la mkataba kwenye wilaya yake arudishiwe kiasi hicho hicho akileta risiti na cheti cha mtaalamu aliyesajiliwa. Bima haipotezi hata senti, maana ingelipa vile vile Morogoro.

Najua watakachosema: watu wataghushi risiti. Hoja nzuri. Lakini mashine za EFD tunazo tangu 2010, na risiti ya mashine ina namba ambayo unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TRA ukiwa umekaa ofisini. Mtaalamu naye ana namba ya usajili. Ukiunganisha hivyo viwili, kughushi kunakuwa kazi ngumu kuliko miwani yenyewe. Na tusidanganyane, hata fomu za vituo vyenye mkataba zinachakachuliwa, orodha haikuzuia hilo.

Wengine watasema miwani ni anasa, kuna watu hawana dawa. Hapo nakataa. Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, Dodoma, ukachapishwa 2006, ulikuta watu takriban 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo la kuona karibu. Sita kati ya kumi! Kule Assam, India, walijaribu kuwapa miwani wachuma chai wenye miaka 40 na kuendelea, matokeo yakatoka 2018: waliopewa walichuma zaidi kwa kiasi cha asilimia 20 na ushee kuliko ambao hawakupewa. Bangladesh, 2024, waliopewa miwani ya kusomea kipato chao kilipanda kwa theluthi moja. Hao ni watu wa mikono kama sisi, siyo makarani. Huku kwetu anayechambua mchele, fundi cherehani, mama anayesoma vipimo vya mbolea kwenye mfuko, wote ni macho ya karibu. Na kijana wa kidato cha nne ambaye haoni ubao anaitwa mzito. Mimi nilikaa na mmoja dawati moja miaka minne, alikuwa ananakili kwangu, tukidhani mvivu. Alikuja kupimwa baada ya mtihani. Matokeo yake mnaweza kukisia.

Haraka ya jambo hili ni sheria mpya. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia ni kila mtu awe kwenye bima, mkulima wa Chita naye. Sawa kabisa, mimi naipigia makofi. Ila leo wenye kadi huku ni watumishi, na wanapokosa mlango wanaingia mfukoni wanalipa, wananung'unika, basi. Mkulima akija na kadi yake, akaambiwa "sipo kwao", hana 110,000 ya kutoa akasubiri kurudishiwa. Atarudi kwenye turubai la mnadani. Mwaka unaofuata mwambie alipe tena mchango uone atakachokujibu.

Kwa hiyo wanaopanga vituo wangeanza na hesabu rahisi: wanachama wangapi wako Mlimba na Malinyi na Ulanga, na duka la miwani la mkataba la karibu yao liko wapi. Kama hakuna, ama walifuate lile duka dogo Ifakara na kulilipa haraka ili mtaji usife, ama wamruhusu mwanachama anunue na kurudishiwa. Kukaa kimya huku makato yanaendelea siyo moja ya njia.

Mama mdogo sasa anasahihisha bila kichwa kuuma. Ile ankara ya fundi aliitoa kopi, ameibandika ofisi ya walimu kama mfano, na wawili wameshashuka nayo Ifakara wakamwonyesha fundi: "Tuandikie hivi hivi."

Saa yangu inaisha, jamaa wa kafe ananiangalia. Wadau mlioko Mlimba, Malinyi, Mahenge, hata Songea na Kigoma: nani amewahi kununua miwani nje ya orodha ya bima yake na akarudishiwa? Ilichukua wiki ngapi, na walitaka karatasi gani? Wekeni hapo chini kwenye maoni, lakini majina ya watu na maduka acheni.